Duke wa Argyll: Mpinzani wa Utumwa na Bwana wa Ardhi

Katika maongezi haya twapenda kueleza habari za maisha ya mtu mmoja mkubwa wa Uskoti, ambaye hakufika kamwe katika pwani yetu, wala hakuyaona majabali ya Masasi, wala hakupanda uwanda wa Makonde mpaka Newala. Hata hivyo alikuwa mmoja wa wale waliokaa barazani London wakati ilipokatwa shauri ya kulifunga soko la watumwa la Unguja, na shauri lile ndilo lililofungua njia ya kuanzishwa kituo cha Masasi. Mtu huyo ni George Douglas Campbell, Duke wa nane wa Argyll, aliyezaliwa mwaka 1823 akafa mwaka 1900. Sifa yake ni kubwa, na lawama yake pia si ndogo. Tutazitaja zote mbili, kwa kuwa habari ya mtu isiyotaja ila mema yake si habari bali ni wimbo wa arusi.

Kwanza tufahamu maana ya cheo chake. Jina hilo Duke (hutamkwa kama “dyuk”) ni cheo kilicho juu ya vyeo vyote vya malodi wa Uingereza, nacho hurithiwa kutoka kwa baba kwenda kwa mwana. Lakini huyu alikuwa na cheo kingine kilicho cha kale zaidi. Alikuwa mkuu wa ukoo wa Campbell, watu wa milima na visiwa vya magharibi ya Uskoti, ambao lugha yao ya asili si Kiingereza bali ni Kigaeli. Kwa lugha hiyo kila mkuu wa ukoo ule huitwa Mac Cailein Mòr, maana yake Mwana wa Colin Mkubwa, ijapokuwa Colin mwenyewe alikufa zamani za kale. Wayao hawatastaajabu kusikia hayo, kwani nao humwita Mataka kila akaaye katika kiti cha Mataka, na Matola kila ashikaye nafasi ya Matola. Mtu hupita, jina hubaki.

Alizaliwa tarehe 30 Aprili 1823 katika ngome ya Ardencaple. Hakupelekwa shuleni kama watoto wengine wa malodi, bali alifundishwa nyumbani, akajifunza zaidi kwa kutazama ndege, mawe na mimea, na kwa kusoma vitabu vya baba yake. Ndugu yake mkubwa alikufa mwaka 1837, naye akawa mrithi. Baba yake alipofariki mwaka 1847, kijana huyu wa miaka 23 akawa Duke, bwana wa jumba la Inveraray na wa nchi kubwa ya milima na visiwa, pamoja na kisiwa cha Tiree na sehemu ya kisiwa cha Mull.

Upendo wake wa elimu haukumwacha maisha yake yote. Mwaka 1851 alieleza habari za majani ya miti yaliyogeuka mawe, yaliyoonekana huko Ardtun katika kisiwa cha Mull, ambayo yalionyesha kwamba zamani sana palikuwa na msitu mahali penye baridi na upepo mtupu. Katika mwaka 1866 ilipoundwa jamii ya watu wa Uingereza waliotaka kuchunguza jinsi mwanadamu awezavyo kuruka angani, yeye alifanywa rais wake wa kwanza. Mwaka uliofuata akatoa kitabu kilichosomwa sana juu ya sheria zinazotawala viumbe, na ndani yake akaeleza jinsi bawa la ndege linavyofanya kazi.

SHAURI LA UTUMWA

Mwaka 1844 alimwoa Bibi Elizabeth, binti mkubwa wa Duke wa Sutherland, nao wakapata watoto kumi na wawili, wavulana watano na wasichana saba. Mama mkwe wake, Bibi Harriet, alikuwa rafiki wa Malkia Victoria, na nyumba yake ya London ilikuwa mahali pa kukutania watu waliochukia utumwa. Mwaka 1853 alipofika Uingereza Bibi Harriet Beecher Stowe wa Marekani, aliyeandika kitabu mashuhuri juu ya mateso ya watumwa, alikaribishwa kwa heshima katika nyumba hiyo, na Duke wa Argyll na mkewe walikuwapo.

Tangu Desemba 1852 Duke alikuwa ameingia katika serikali, akiwa na umri wa miaka 29 tu. Vita vya Marekani vilipozuka mwaka 1861 kati ya majimbo ya kaskazini na yale ya kusini yaliyoshikilia utumwa, wakubwa wengi wa Uingereza waliwapendelea watu wa kusini, wengine kwa sababu ya pamba yao, wengine kwa sababu ya kuwaona kuwa mabwana kama wao. Duke wa Argyll hakufuatana nao. Alisema waziwazi kwamba kaskazini ndiko kwenye haki. Si jambo dogo mtu kusimama kinyume cha watu wa daraja lake, anaokula nao na kuoleana nao.

Katika mwaka 1864 alipata mgeni Inveraray. Mgeni huyo ni Daktari David Livingstone, ambaye wazee wake walitoka katika kisiwa cha Ulva, jirani na Mull. Alikuwa amerudi kutoka nchi ya Nyasa, naye alikuwa ameona kwa macho yake misafara ya watumwa, vijiji vilivyochomwa, na mifupa kando ya njia. Miaka miwili baadaye, mwezi wa Machi 1866, Livingstone huyo huyo alishuka Mikindani, akashika njia ya Mto Ruvuma chini ya uwanda wa Makonde. Vichaka vilikuwa vizito hata ngamia wake hawakuweza kupita, ikabidi kuwaajiri Wamakonde wamkatie njia kwa mashoka yao. Pamoja naye alikuwapo Chuma, kijana Myao, ambaye mwaka 1861 alikuwa ameokolewa katika mikono ya wafanya biashara ya watumwa. Jina la Chuma tutalikuta tena mbele.

AFISI YA INDIA NA SOKO LA UNGUJA

Mwishoni mwa mwaka 1868 Bwana Gladstone alipokuwa Waziri Mkuu, alimfanya Duke wa Argyll kuwa Waziri wa Mambo ya India, na kazi hiyo akaishika mpaka 1874. Msomaji aweza kuuliza: India na Unguja zina uhusiano gani? Uhusiano ulikuwako, tena mkubwa. Wahindi wengi waliokuwa chini ya himaya ya Kiingereza walifanya biashara Unguja na katika bandari za mrima. Sultani wa Unguja alikuwa wa nasaba moja na Sultani wa Maskati, na mambo ya Ghuba yalisimamiwa kutoka Bombay. Kwa hiyo balozi wa Kiingereza aliyekaa Unguja alikuwa pia wakili wa Serikali ya India, na mshahara wake ulitoka India.

Siku zile ilikadiriwa kwamba watumwa yapata 20,000 walipitishwa Unguja kila mwaka. Wengi walitoka nchi za Nyasa na Ruvuma, wakashushwa Kilwa na bandari nyingine za kusini, kisha wakapakiwa majahazini. Mikataba ya zamani ilikataza kuwapeleka nje ya nchi za Sultani, lakini iliruhusu kuwasafirisha kati ya bandari zake mwenyewe. Ruhusa hiyo ikawa kama tundu katika wavu: jahazi lililotoka Kilwa kwa idhini ya kwenda Unguja liliweza kupita likaenda zake Arabuni, na manowari zilikamata machache tu.

Kulikuwa na kizuizi kingine kule London, nacho ni fedha. Hazina ya Uingereza haikutaka kuongeza gharama, na Afisi ya India iliona si haki watu wa India watozwe kodi ili kulipia kazi ya kuzuia biashara ya watumwa katika Afrika. Kwa muda shauri likasukumwa huku na huku. Mwaka 1871 kamati ya Baraza Kuu ilichunguza jambo zima, ikashauri kwamba Uingereza na India zigawane gharama za ubalozi wa Unguja, na kwamba utafutwe mkataba mpya wa kukomesha kabisa usafirishaji wa watumwa baharini. Hapo tundu likaanza kuzibwa.

Aliyetumwa kwa Sultani alikuwa Sir Bartle Frere, mmoja wa washauri katika Baraza la India, yaani mtu wa afisi ile ile ya Duke. Alifika Unguja Januari 1873. Sayyid Barghash bin Said alikataa kutia sahihi. Alikuwa na sababu zake: mwezi wa Aprili 1872 tufani kubwa ilikuwa imeivunja mikarafuu ya Unguja, na raia zake walisema kwamba kuwaondolea watumwa baada ya msiba huo ni kuwaua. Frere akaondoka mikono mitupu. Lakini Serikali ya London haikurudi nyuma. Ilimpelekea amri balozi wake, Daktari John Kirk, Mskoti aliyepanda Mto Ruvuma pamoja na Livingstone mwaka 1862. Akamweleza Sultani kwamba asipokubali, manowari zitazuia njia za bahari za Unguja. Tarehe 5 Juni 1873 Sayyid Barghash akatia sahihi. Kusafirisha watumwa baharini kukakatazwa, na masoko ya watumwa yakafungwa.

Hatusemi kwamba Duke wa Argyll peke yake ndiye aliyefanya hayo. Shauri lilikuwa la serikali nzima, na mkono wa Waziri wa Mambo ya Nje ulikuwa mkubwa kuliko wake. Tena ulikuwako ushuhuda wa Livingstone, aliyekufa tarehe 1 Mei mwaka ule ule pasipo kujua kwamba soko limefungwa. Wala mkataba ule haukumaliza utumwa. Wachuuzi waligeuza njia, wakawaendesha watumwa kwa miguu kutoka Kilwa kwenda kaskazini, hata Sayyid Barghash akatoa amri mwaka 1876 ya kuizuia misafara ya bara. Hali ya utumwa yenyewe iliondolewa katika sheria ya Unguja mwaka 1897, na ya Tanganyika mwaka 1922. Lakini mlango wa bahari ulifungwa mwaka 1873, na waliokuwa wakishuka Kilwa kwa minyororo walipungua sana.

MATUNDA YAKE MASASI

Baada ya mkataba, mahali pa soko la Mkunazini pakawekwa jiwe la msingi la kanisa siku ya Krismasi 1873. Lakini kulizuka swali jipya: watu waliookolewa majahazini wakae wapi? Unguja haikuwa kwao. Kwao kulikuwa Nyasa. Askofu Edward Steere akaazimu kuwarudisha bara. Mwaka 1875 alisafiri kutoka Lindi mpaka kwa Mataka, na kiongozi wa msafara wake alikuwa yule Chuma. Mwezi wa Oktoba 1876 akaondoka Unguja pamoja na watu huru, wanaume na wanawake zaidi ya hamsini, nia yao ikiwa kuendelea mpaka karibu na ziwa. Walipofika chini ya majabali ya Masasi waliona ardhi njema, maji, na nafasi ya kulima, nao walikuwa wamechoka na safari. Wakasema, hapa ndipo petu. Ndivyo kilivyoanza kituo cha Masasi.

Maisha yao hayakuwa mepesi. Mwezi wa Septemba 1882 Wangoni, ambao siku zile waliitwa Magwangwara, walikishambulia kituo, wakachoma nyumba, wakachukua mateka. Baadhi yao walikombolewa baadaye. Kazi ya kituo ikahamia Newala kwa Matola, kisha baada ya miaka Masasi ikainuka tena. Watu wale walikuwa wamepoteza kwao mara ya kwanza walipouzwa, na mara ya pili walipovamiwa, na kila mara walichotafuta kilikuwa ni kile kile: kipande cha ardhi ambapo mtu aweza kupanda mtama wake akavuna mwenyewe, asije mtu kumwondoa.

BWANA WA ARDHI

Hapa ndipo habari yetu inapogeuka. Yule Duke aliyechukia kuona mtu akinunuliwa, yeye mwenyewe alikuwa na maelfu ya watu waliokaa juu ya ardhi yake kwa idhini yake tu. Katika kisiwa cha Tiree, ambacho urefu wake ni kiasi cha maili kumi, wakulima wadogo walilima vishamba vya kukodi. Babu zao walizikwa pale, lakini kwa sheria hawakuwa na haki hata ya jiwe la ukuta. Mtu angeweza kujenga nyumba, kuondoa mawe shambani na kutia samadi miaka mingi, kisha akapewa notisi ya kuondoka, akaenda zake bila malipo.

Mwaka 1846 ugonjwa wa viazi uliingia visiwa vile, na njaa ikawa kuu, kwani maskini hawakuwa na chakula kingine cha kutegemea. Mwenye kujua maisha ya mtu aliyetegemea mihogo tu, kisha mihogo ikaoza yote ardhini, atafahamu. Duke, aliyekuwa amekwisha anza kusimamia nchi za baba yake, alitoa chakula na kazi. Lakini pia aliona kwamba watu ni wengi kupita kadiri ya ardhi, na kwamba mashamba yamegawanywa mno hata hayamtoshi mtu. Kwa hiyo mamia ya watu walisafirishwa Kanada, wengine kwa kulipiwa nauli, na mashamba yao yakaunganishwa kuwa makubwa na kukodishwa kwa wenye mali. Mwaka 1841 watu wa Tiree walikuwa zaidi ya 4,000. Mwaka 1881 hawakufika 3,000. Duke alisema kwamba hiyo ilikuwa dawa, ijapokuwa chungu. Watu wa Tiree walisema kwamba wengi hawakuondoka kwa kupenda, na jina la msimamizi wake lilichukiwa kisiwani kwa miaka mingi baadaye.

Hata ukoo wa mkewe haukuwa na mikono safi. Katika nchi ya Sutherland, mwanzoni mwa karne ile, maelfu ya wakulima walikuwa wameondolewa mabondeni ili kondoo wapate malisho. Ndiyo sababu mwaka 1853, Bibi Harriet alipowasihi wanawake wa Marekani wawaache huru watumwa, wako waliojibu kwamba kwanza atazame kwao.

Mwaka 1880 Duke aliingia tena katika serikali ya Bwana Gladstone. Mwaka uliofuata serikali ilileta sheria ya kuwapa wakulima wa Ireland haki tatu: kodi ya haki, kutofukuzwa maadamu wanalipa, na ruhusa ya kuuza haki zao za kukaa. Duke akajiuzulu. Kwa maoni yake serikali haina ruhusa ya kuingia kati ya mwenye ardhi na mpangaji wake, na kufanya hivyo ni kuharibu mali na kuua bidii. Aliacha cheo na urafiki wa miaka mingi kwa ajili ya neno hilo. Hakuna awezaye kusema kwamba hakuwa mtu wa msimamo.

Lakini mambo ya Ireland yalivuka bahari. Mwaka 1886 shamba moja la Tiree lililokuwa tupu lilitakiwa na wakulima wadogo wengi, nalo likakodishwa kwa mtu mmoja. Wakulima wakaliingia kwa nguvu na kuligawanya. Polisi walipofukuzwa, Serikali ikapeleka manowari na askari, na baadhi ya wakulima wakakamatwa na kufungwa. Tutafakari hapo: manowari za Malkia, ambazo miaka kumi na mitatu nyuma zilitishia kuuzingira Unguja kwa ajili ya uhuru wa watumwa, sasa manowari za Malkia huyo huyo zimetia nanga mbele ya kisiwa cha wakulima waliodai shamba.

Mwaka huo huo Baraza Kuu likapitisha sheria kwa ajili ya wakulima wadogo wa Uskoti. Tangu hapo mkulima aliyelipa kodi hakuweza kufukuzwa ovyo, kodi yake iliweza kukadiriwa na tume, na alipoondoka alilipwa thamani ya kazi aliyoiacha. Duke aliipinga sheria hiyo kwa kalamu na kwa ulimi, lakini ilisimama. Akafariki Inveraray tarehe 24 Aprili 1900, akazikwa Kilmun pamoja na wazee wake.

Je, tumhukumu vipi? Wako wasemao kwamba alikuwa mnafiki. Sisi hatuoni hivyo. Mnafiki husema asiloamini, bali huyu aliamini yote mawili kwa moyo wake: kwamba mtu hawezi kuwa mali ya mtu, na kwamba ardhi ni mali ya mwenye hati. Hakuona kwamba jambo la pili laweza kulila la kwanza. Mtu asiye na ruhusa ya kukaa mahali ila kwa hisani ya mwingine, ambaye notisi moja yamtoa yeye na watoto wake, hauzwi sokoni, ni kweli. Lakini uhuru wake ni mfupi kama kamba ya mbuzi. Watu waliosimama chini ya majabali ya Masasi mwaka 1876 walilijua hilo pasipo kusoma kitabu. Walikuwa wamepewa uhuru Unguja, wala hawakutosheka nao, wakatembea majuma mazima kutafuta mahali pa kuutia mizizi.

Wazee husema, mganga hajigangi. Duke wa Argyll alikuwa mmoja wa waliosaidia kuganga donda lililokuwa mbali naye maili maelfu, nasi tulio wa nchi hizi hatuna budi kulikumbuka hilo kwa shukrani. Donda la mlangoni pake liligangwa na wengine, naye akiwa amewazuia njia. Basi msomaji ampimapo mtu mwenye amri, awe wa Uskoti au wa kijiji chake mwenyewe, asiulize tu kwamba huwatendea nini walio mbali. Aulize pia juu ya wale wanaomlipa kodi.